Miwani ya barabarani, bifokali au progresivu: ipi yamfaa mshonaji?

Mshona_Kofia_Kuze
Assalam aleikum nyote. Nina miaka 47, nashona kofia za mkono tangu usichana wangu. Tangu Ramadhani sindano imeanza kunishinda. Nalenga tundu mara nne, mara tano, uzi wagonga ukingoni na ncha yafumuka, nailowesha mate naanza upya. Nikinyoosha mkono naiona vizuri, lakini kofia haishonwi kwa mkono ulionyooka.

Nilinunua miwani ya kusomea ya namba 2.00 kando ya barabara karibu na Marikiti, shilingi 250. Msahafu nasoma bila shida. Kwenye kofia bado nakunja uso, na nikimtazama mteja mlangoni nyuso zote ni ukungu. Duka moja limenitajia bei ya progresivu, ile ambayo namba hubadilika polepole bila mstari, nikatoka kimya. Waliotumia hizi aina tatu wanieleze, tafadhali.

Mwalimu_Tudor
Waaleikum salaam, dada. Mimi nina bifokali mwaka wa tisa huu. Juu ya mbali, chini ya karibu, katikati kuna mstari unaoonekana. Kwa daftari na gazeti sina lalamiko. Taabu ni miguu: ukitazama chini unatazama kupitia sehemu ya kusomea, ardhi inakuja juu. Nilijikwaa nikishuka kwenye feri ya Likoni, goti likachubuka. Siku hizi nainamisha kichwa chote, siyo macho peke yake.

Dereva_Bamburi
Progresivu kwangu ni sawa kabisa. Barabara, dashibodi, simu, zote bila kuvua. Ila wiki mbili za kwanza kichwa kiliniuma, nikitupa jicho pembeni vitu vyapinda. Ilibidi nijifunze kugeuza shingo.

Pima_Miwani
Dada wa Kuze, kazi yangu ni kupima miwani, na swali lako linajibiwa na futi ya fundi cherehani kabla ya bei. Ndani ya jicho kuna lenzi inayojibenua tukitazama karibu. Kuanzia kama miaka 40 inakuwa ngumu, haijibenui tena ipasavyo. Humpata kila mtu, na si miwani iliyoileta. Wengi huogopa kuvaa wakidhani macho yatazoea na kudhoofika. Hayadhoofiki kwa miwani. Namba hupanda kwa umri, ukivaa usivae, mpaka kwenye miaka 60 na kitu ndipo hutulia.

Sasa umbali. Kwa jicho lisilojisaidia tena, 2.00 huonyesha safi kwa sentimita 50, 2.50 kwa 40, na 3.00 kwa 33. Kwa umri wako jicho bado hujisaidia kidogo, kwa hiyo hutahitaji namba kubwa hivyo. Lakini tofauti ya umbali ndiyo sababu msahafu kwenye marufaa unakaa vizuri na kofia haikai: kofia iko karibu zaidi.

Progresivu ina njia nyembamba ya kusomea, na kingo zake hupindisha vitu. Mtu anayekodolea kitu kimoja saa tano simshauri aianze. Kwako naona miwani ya kushonea peke yake, iliyopimwa kwa umbali wa sindano. Ya barabarani haiharibu jicho, ila macho yote mawili hupewa namba moja, na wengi macho yao mawili hayalingani.

Mwalimu_Tudor
Na yale matone ya kuonea karibu, nasikia Marekani waliyapitisha 2021?

Pima_Miwani
Ndiyo, ya pilokapini. Hubana mboni ili uone karibu kwa saa kadhaa, lakini usiku mwanga hupungua. Kwa mshonaji wa taa ya jioni, siyaoni yakifaa.

Binti_Kisauni
Naomba mniruhusu niseme jambo zito. Mama alibadilisha miwani ya barabarani mara tatu, kila mara namba kubwa zaidi. Hakuna aliyemtazama ndani ya jicho, hata dukani alikopimwa. Tukaanza kuona anagonga kikombe cha chai kilicho ubavuni pake. Ilikuwa presha ya macho, yaani glakoma. Mara nyingi haiumi, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Ingekuwa mtoto wa jicho, angefanyiwa upasuaji akaona tena. Ugonjwa huu hapana. Matone ya kila siku yanalinda kilichobaki tu. Dada, kuna mwenye sukari au presha ya macho kwenu? Usinunue chochote kabla ya kupimwa.

Mshona_Kofia_Kuze
Binti, pole sana, Mungu ampe mama nafuu. Baba yangu ana sukari, na mimi sijawahi kupimwa. Nimechukua futi sasa hivi: sindano sentimita 34, msahafu 48. Jumatatu naenda kwa daktari wa macho. Nimeambiwa nitatiwa matone ya kupanua mboni na mwanga utanichoma kwa saa kadhaa, kwa hiyo kaka atanisindikiza. Kofia naibeba, na sindano yake, nipimwe nikiwa nimeishika.

Pima_Miwani
Beba na ile miwani ya 2.00. Nasi tuandikie namba za macho yote mawili ukirudi.