Lebo ya dawa ya sukari: "hushusha hadi asilimia 50" maana yake nini?

BintiMoro
Shikamooni wakubwa. Mama ana kisukari, anameza metfomini na glibenklamaidi. Mdogo wake kamletea chupa ya mitishamba, lebo inasema: "Hushusha sukari hadi asilimia 50. Imethibitishwa na maabara. Haina madhara kwa kuwa ni ya asili." Sasa anataka kuacha vidonge. Nimebishana naye nikaishiwa hoja, maana kila sentensi nikiisoma naona kama ni kweli. Naanzia wapi?

Mfamasia_Kihonda
Marahaba binti. Lebo kama hiyo naletewa dukani mara kwa mara, na inaniuma kwa sababu anayeumia ni mgonjwa.

Anzia kwenye "hadi". Aliyeshuka asilimia 2 yumo, na asiyeshuka kabisa naye yumo. Sentensi imetengenezwa isikamatike. Basi mbane muuzaji achague maana moja: kila anayekunywa anashuka nusu. Mama akiamka na sukari ya 14 (kwa mmol/L, namba ya kwenye mashine) atakuwa 7, vizuri. Akiamka na 7 je? Atakuwa 3.5, na chini ya 3.9 sukari imeshuka mno: jasho, kutetemeka, hata kuzimia. Kwa hiyo dawa ikifanya kazi kama wanavyodai, "haina madhara" ni uongo. Na kama haidhuru kwa sababu haifanyi chochote, asilimia 50 ndiyo uongo. Hawezi kubaki na zote mbili!

"Imethibitishwa" kitu gani? Maabara inaweza kupima kama chupa ina madini ya risasi, zebaki au vijidudu, ikatoa karatasi safi kabisa. Karatasi hiyo haigusi sukari ya mtu. Kulijua hilo lazima wagonjwa wapewe dawa, wengine wasipewe, wote wapimwe.

Na "kwa kuwa ni ya asili" inabeba dai lililofichwa, kwamba cha asili hakidhuru. Muhogo mchungu ni wa asili, na usipoandaliwa vizuri sumu yake ya sianidi inaweza kuua.

MamaNasra
Kaka, kwa heshima, shangazi yangu kaitumia hiyohiyo na sukari ikatulia.

Mfamasia_Kihonda
Dada, nakuamini kwamba ilitulia. Ila vidonge aliacha? Soda na ugali alipunguza? Kama alibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, hatuwezi kuipa chupa sifa yote.

MamaNasra
Vidonge hakuacha. Soda aliacha.

BintiMoro
Hiyo ya 14 na 7 nimemsomea mama, kanyamaza, kisha akauliza: nikinywa vyote pamoja?

Mfamasia_Kihonda
Asichanganye. Glibenklamaidi peke yake inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Ukiongeza kitu usichojua nguvu yake, hatari inazidi. Vidonge aendelee, apimwe sukari asubuhi kabla hajala, na chupa aende nayo kliniki daktari aione. Aombe pia kipimo cha HbA1c, kinaonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu.