Mrejesho: ile nyumba ya Uhindini iliyokuwa inabanduka plasta

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu nyumba ya marehemu babu, Uhindini hapa Mbeya: imeshikana ukuta na majirani kushoto na kulia, matofali ya kuchoma, plasta ya saruji inadondoka kila msimu wa mvua.

Wengi mlisema nibomoe. Haiwezekani, ukigusa ukuta wa kati umegusa duka la jirani. Nilimsikiliza yule aliyesema nibandue saruji yote. Fundi alinicheka, kisha akagonga nyundo mara moja. Kikadondoka kipande kama sinia, na nyuma yake tofali limelowa kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni. Kumbe matofali ya kuta hizi yaliunganishwa kwa mchanganyiko wa chokaa. Zinavuta unyevu toka chini na kuutoa usoni mwa ukuta, saruji ikauzibia njia. Tukaziacha wazi wiki sita, halafu plasta ya chokaa ya Songwe, chokaa moja kwa mchanga tatu, tabaka nyembamba nyembamba. Kwa baridi ya Juni inakauka kwa madaha, uvumilivu ulinishinda.

Umeme tumesuka upya wote. Choo kimeingia ndani, bomba limepita uani. Korido iliyokuwa giza mchana tumeiwekea bati mbili za kupitisha mwanga.

Madirisha ya mbao ya mbele yamebaki, mama alikataa katakata alumini.

Bado gata la jirani linamwaga maji ukutani kwangu. Nimeamua kumnunulia jipya mwenyewe.