Hoja: wanafunzi wa JavaScript Uganda waanze na fetch, axios ije baadaye

Mtoa hoja, Kampala

Kozi fupi nyingi za hapa mjini humwambia mwanafunzi asakinishe axios, maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) ya kutuma maombi, mara tu anapotaka kuzungumza na seva. Anaandika `axios.get`, data inakuja, darasa linapiga makofi. Muulize heda (maelezo yanayoambatana na ombi au jibu) ni nini, au 404 (kilichoombwa hakipo) na 500 (seva yenyewe imekwama) zinatofautianaje, anabaki kukutazama.

Axios ilipotoka mwaka 2014 ilikuwa na kazi ya kweli. Kivinjari kilikuwa na XMLHttpRequest, chombo kilichozaliwa Microsoft mwishoni mwa miaka ya 1990, na kukitumia kwa mkono kulichosha. Lakini `fetch`, amri ya kazi hiyo hiyo iliyomo ndani ya kivinjari chenyewe, ilianza kuingia kwenye vivinjari mwaka 2015, na tangu toleo la 18 la Node (programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari), la mwaka 2022, ipo hata upande wa seva bila kusakinisha chochote. Bando letu tangu Julai 2021 linakatwa kodi ya asilimia 12, iliyokuja badala ya ile shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Kwa nini mtu abebeshwe maktaba nzima ili aone bei ya mahindi?

Fundi, Mbale

Ssebo, hiyo ya bando umeivuta. Axios ikibanwa ni kilobaiti kumi na kitu, na kivinjari kinaihifadhi. Picha iliyo juu ya ukurasa wako inazidi hapo mara kadhaa. Punguza picha kwanza, halafu tuongee.

Tatizo langu na `fetch` ni lingine. Seva ikijibu 500, yenyewe inaona mambo yako sawa. Hufiki kwenye `catch`, sehemu ya kushughulikia makosa, mpaka mtandao ukatike kabisa au kivinjari kizuie ombi kwa sababu ya CORS (kanuni za kivinjari kuhusu tovuti moja kuomba data kwa seva ya nyingine). Ni juu yako kukagua `response.ok`, inayosema kama jibu ni zuri. Mwanafunzi mgeni hakumbuki: anachukua ukurasa wa kosa wa seva, anausoma kwa `response.json()` kana kwamba ni JSON (muundo wa data ambao seva nyingi hutumia), anaambiwa kuna alama "<" isiyotarajiwa, kisha anakesha akitafuta JSON iliyoharibika ambayo haikuwahi kuwepo. Axios inatupa kosa kwa jibu lolote lililo nje ya 200 hadi 299. Kwa mtu anayejifunza, huo ni ulinzi.

Mtoa hoja, Kampala

Na mimi nataka akeshe hivyo mara moja, darasani, kabla hajakesha kwenye mfumo wa hospitali.

Mwalimu, Tororo

Ndugu zangu, mimi huanza na kidirisha cha Network kwenye kivinjari. Wanafungua tovuti yoyote, wanaona maombi yakipita, heda zake, namba za majibu. Baada ya hapo wanaandika `fetch`, na axios inawachukua mchana mmoja. Tusidanganyane kuhusu ajira: kijana akiajiriwa atakuta mradi wa zamani wenye axios kila faili. Na ugomvi wenyewe umepungua, kwa kuwa tangu toleo la 1.7 axios inaweza kutumia `fetch` hiyo hiyo chini yake.

Mjenzi wa mifumo ya malipo, Kampala

Mnabishana kuhusu ombi linalorudi na jibu. Mimi nalala vibaya kwa sababu ya lile lisilorudi.

Chukua API (njia ya programu kuzungumza na mfumo mwingine) ya MoMo, huduma ya pesa kwa simu ya MTN. Unamwomba mteja alipe kwa POST (ombi la kutuma), na kwenye heda ya X-Reference-Id unaweka UUID, yaani namba ya kipekee, uliyoitengeneza wewe. Jibu likija ni 202, maana yake ombi limepokelewa. Pesa bado haijasogea. Mteja hajaweka hata PIN. Baadaye unauliza kwa GET (ombi la kusoma tu), kwa namba ile ile, unaambiwa PENDING (bado), SUCCESSFUL (imefaulu) au FAILED (imeshindikana). Nimeona vijana wanaoandika "Asante kwa malipo" mara tu wakiona 202, na axios haitawazuia, maana 202 imo ndani ya mia mbili zake.

Sasa mtandao ukae kimya katikati. `fetch` haina kikomo cha kusubiri usipoipa, kwa mfano `AbortSignal.timeout(10000)`, yaani sekunde kumi. Axios nayo, ambayo wengi wanadhani inawalinda, ina `timeout` ya 0, yaani inasubiri tu. Na ukikatisha, umekatisha kusubiri kwako. Ombi huenda limeshafika. Ukituma tena kwa UUID mpya, mteja anaombwa PIN mara ya pili. Ukirudia kwa ile ile, mfumo unakataa kwa 409, na hapo umepona. Kwa hiyo UUID itengenezwe na ihifadhiwe kwenye hifadhidata kabla POST haijaondoka. GET rudia upendavyo.

Na jamani, funguo za API zikae kwenye seva. Ukiziweka kwenye JavaScript ya kivinjari, yeyote anazisoma.

Mweka hazina wa SACCO, Kasese

Samahani, mimi si mtu wa kompyuta. Mwanachama anabonyeza "Lipa", kinazunguka, anabonyeza tena, halafu analia kwangu kwamba amekatwa mara mbili. Kosa hilo ni la axios au la fetch?

Mjenzi wa mifumo ya malipo, Kampala

Si la yoyote kati ya hizo, mzee. Mwambie fundi wako kitufe kizimwe baada ya kubonyezwa mara ya kwanza, na ombi la pili litumie namba ile ile ya kwanza.

Mtoa hoja, Kampala

Mnanisaidia hoja yangu. Kila maktaba unayoongeza ni ya kufuatilia. Matoleo ya axios kabla ya 1.6.0 yaliweza kupeleka thamani ya kuki ya XSRF-TOKEN (alama ya siri inayothibitisha kuwa ombi limetoka kwenye tovuti yako) kwa seva ya mtu baki. Ni wangapi hapa walisasisha? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu mwaka 2019, na mwenye kujibu ni anayekusanya data.

Fundi, Mbale

Nilisasisha. Na bado napigia kura axios, kwa sababu muda wa kusubiri, tokeni (alama ya siri ya kuingilia) na anwani ya seva naviweka mahali pamoja kwa `axios.create`, na mwenzangu akiondoka anayekuja anajua pa kutazama. Ukiwapa vijana kumi `fetch` tupu, kila mmoja atajitungia axios yake ndogo, isiyo na majaribio wala maelezo.

Mwalimu, Tororo

Kazi za vijana kumi wa namna hiyo nilizisahihisha muhula uliopita. Watatu tu ndio walioweka kikomo cha muda.