Mume anasaga meno usiku, na meno ni haya yetu ya kahawia: kinga gani inafaa?

Mama Brayo (Usa River)
Wakuu, habari za jioni. Mume wangu, dereva wa watalii, miaka 41, anasaga meno usingizini mpaka mlio unasikika chumba cha pili. Asubuhi anaamka kichwa kinamgonga pande mbili juu ya masikio, taya zimekaza, na akipiga mwayo panalia "tak". Amekulia huku huku Arumeru, kwa hiyo meno ni ya kahawia. Gego moja la chini limemeguka ukingo wakati hakuuma chochote kigumu. Dukani kuna kinga ya plastiki ya kuchovya kwenye maji ya moto halafu unaing'ata. Inatosha, au tukatengeneze ya kupimwa? Mama mkwe yeye anasema ni minyoo.

Wa Kinywa na Meno (Moshi)
Mama Brayo, pole na usiku. Hilo la kahawia ndilo linalobadilisha hesabu. Kiwango cha mwisho cha madini ya floraidi kwenye maji ya kunywa kwa mujibu wa WHO (Shirika la Afya Duniani) ni miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi nyingi za upande wa Mlima Meru zimezidi hapo. Mtoto akiyanywa wakati meno bado yanajijenga ndani ya taya, enameli (tabaka gumu la nje ya jino) inatoka na vitundu vidogo vidogo. Kwa nje jino linaonekana gumu, lakini kwenye madoa makubwa linameguka kwa vipande. Jino la kawaida lingesagika polepole, hilo linabanduka.

Mwambie afungue mdomo mbele ya dirisha umwangalie. Anayesaga huwa na sehemu bapa zinazong'aa, za juu na za chini zikilingana ukimtelezesha taya pembeni. Ndani ya shavu utaona mstari mweupe, na kingo za ulimi zina mabonde ya meno.

Kinga ya dukani ni laini. Inafaa kwa wiki chache za kusubiria, basi. Anayesaga kwa nguvu huitoboa upesi, na wapo wanaoitafuna zaidi kwa sababu inabonyea. Zile ndogo za kufunika meno ya mbele tu asivae kila usiku kwa miezi: magego yasiyoguswa hupanda, na mwisho meno ya mbele hayakutani tena.

Jambo moja nasisitiza. Meno mengi yakiuma kwa pamoja asubuhi na hakuna tundu, ni nyuzi zinazoshikilia mizizi zimechoshwa. Asikubali kung'olewa kwa maumivu hayo. Wala asikubali kuchongwa meno "yakae sawa". Hakuzuii kusaga, na enameli ikiondoka hairudi.

Fundi Plasta (Arusha)
Naongezea upande wa maabara, maana hapo ndipo hela hupotea. Lile gego lizibwe KWANZA, ndipo meno yapimwe. Ukipima halafu ukaziba, kinga haiingii.

Alama ya meno ikichukuliwa kwa alginati (ule uji mzito anaoung'ata mgonjwa ukaganda), plasta (jasi inayoganda kuwa umbo la meno) imwagwe humo ndani ya nusu saa, na wakati wa kusubiri ifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu. Alginati ikikauka inasinyaa. Kama maabara ni ya mbali, kliniki itume umbo la plasta, isitume alginati kwenye mfuko. Ndiyo sababu kubwa ya kinga kurudi inacheza.

Kinga iwe ya akriliki ngumu (plastiki isiyobonyea), ifunike meno yote ya taya moja, unene milimita 2 hadi 3 kwenye magego. Siku ya kuichukua, mgonjwa aing'ate na karatasi ya rangi katikati: vidoti vionekane kulia na kushoto kwa usawa. Upande mmoja ukiwa mtupu, irudishwe mashineni hapo hapo. Arudi tena baada ya wiki moja au mbili, kwa sababu misuli ikilegea taya hubadili mkao na vidoti vinahama.

Kuosha ni maji baridi, mswaki na sabuni kidogo. Maji ya moto yanaipinda. Na kwa dereva: asiiache juu ya dashibodi juani.

Mfamasia wa Zamu
Minyoo hapana, mama. Albendazole miligramu 400 itatoa minyoo kama ipo, meno yataendelea kusaga. Cha kuuliza ni anachotumia: kahawa ya jioni, vinywaji vya kuongeza nguvu, sigara, pombe ya kulalia, mirungi. Hivi vyote huchochea. Fluoxetine na sertraline, dawa za sonona, pia. Kama anameza mojawapo asiache ghafla, amwambie daktari aliyemwandikia.

Mchana, midomo ifungwe, meno YASIGUSANE, ncha ya ulimi ikae nyuma ya meno ya mbele ya juu. Abandike stika ndogo kwenye usukani. Kila akiiona, alegeze taya. Asubuhi taulo la uvuguvugu mashavuni dakika 15. Na tafadhali asinunue diazepam, ile dawa ya kutuliza na kulegeza misuli.

Mama Brayo
Asanteni sana. Pombe hatumii, kahawa ndiyo. Ila anakoroma, kisha kimya kama sekunde kumi na kitu, halafu anashtuka kwa kuvuta pumzi.

Wa Kinywa na Meno (Moshi)
Hapo tunageuza mpangilio, mama. Hiyo ni dalili ya pumzi kukatika usingizini, na kusaga meno huweza kwenda pamoja nayo. Kinga ya kawaida haitibu hilo, na kwa wengine huzidisha. Diazepam ndiyo ingekuwa hatari zaidi, inalegeza koo. Mrekodi kwa simu dakika kumi hivi akiwa amelala chali, mpime presha, mpime na mzunguko wa shingo. Kwa mwanamume sentimita 43 kwenda juu inaongeza shaka. Nendeni na video hiyo kwa daktari wa masikio, pua na koo, KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, wapo. Gego lizibwe wakati huo huo, kinga isubiri majibu. Na kama anasinzia mchana, asipewe safari ndefu kwanza.