Waliomaliza kidato cha sita wanaondoka Tanga: tuwaandaeje wasiache imani?

Mlezi_Chumbageni
Bwana Yesu asifiwe. Vijana waliomaliza mtihani Mei wanasubiri vyuo, wengi wataenda Dar na Dodoma. Kila mwaka tunawaaga kwa keki na maombi, likizo ya kwanza wakirudi wengine hawakanyagi kanisani. Miezi hii iliyobaki tuitumieje?

Mwinjilisti wa Pwani
Amina. Pa kukazia ni wiki tatu za kwanza chuoni. Ndipo anapopata chumba, marafiki na ratiba. Jumapili tatu zikipita bila ibada, ya nne haimsumbui tena.

Mchungaji amwandikie barua ya utambulisho kwa usharika ulio karibu na chuo, autaje kwa jina, na ataje huduma aliyokuwa akiifanya kijana. Barua ya "kwa yeyote anayehusika" huishia kwenye begi. Halafu mtafuteni kiongozi wa chama cha wanafunzi Wakristo wa chuo hicho, kama USCF, TAFES au CASFETA (Wakatoliki wana TMCS), apigiwe simu kijana akiwa hapo hapo, wazungumze wenyewe. Kumpa namba tu haitoshi, wengi huona haya kupiga.

Mlezi mmoja asichukue vijana zaidi ya wanne. Apige Jumapili jioni, na asiulize "umesali?" maana jibu ni ndiyo na mazungumzo yameisha. Aulize limesomwa neno gani, na alikaa na nani.

Katekista Mstaafu
Ndugu Mwinjilisti, barua ni njema, ila haimshiki kijana aliyekuwa anafuata kwaya tu. Mafundisho ya kipaimara aliyakariri akiwa mdogo. Sasa anaulizwa Yesu ni Mungu kwa vipi, au mbona wema wanateseka. Kwetu Tanga, tunakoishi na majirani Waislamu, la kwanza amelisikia tangu utotoni, kanisani hakujibiwa.

Chukueni Injili ya Marko, sura mbili kila wiki, wiki nane mmemaliza. Maswali yaandikwe kwenye karatasi bila jina. Mlezi asiyejua jibu aseme atakwenda kuuliza, na wiki inayofuata alete. Kinachoharibu ni kumkemea muulizaji: akikemewa mmoja, wote wananyamaza.

Mama Jumuiya
Na wanaobaki? Wa bodaboda, wa dukani, wa zamu bandarini. Zamu ya Jumapili ikimbana, apangiwe jumuiya ya katikati ya wiki. Mpeni kazi ya kweli, kama kuhesabu sadaka au kufundisha watoto. Kupanga viti pekee hakumkuzi.

Akianguka, tuseme mimba au kuishi na mtu bila ndoa, afuatwe wiki ile ile. Hatua ya kwanza katika Mathayo 18:15 ni "wewe na yeye peke yenu". Jina likisomwa mbele za watu kabla hajasikilizwa, harudi.

Mlezi_Chumbageni
Asanteni sana. Barua iandikwe lini?

Mwinjilisti wa Pwani
Akishathibitisha chuo atakachosoma. Kabla ya hapo hujui uiandikie usharika gani.