Alovera, dafu au mlonge: kipi kinaotesha mizizi ya vikonyo vya kahawa?

MamaKitalu_Mbozi
Wakuu, habari za jioni. Nina kitalu kidogo cha kahawa huku Mbozi, nazalisha kwa vikonyo, yaani vijiti vinavyokatwa kwenye mti na kuoteshwa. Unga wa homoni ya mizizi umepanda bei, na wanatupimia kwenye vikaratasi visivyo na jina wala tarehe, hujui kama bado una nguvu. Jirani yangu anachovya vikonyo kwenye ute wa alovera. Mwingine anasema maji ya dafu (dafu Mbozi nilitoe wapi, ila tuyaache). Redioni nikasikia majani ya mlonge yakisifiwa. Kipi kinaotesha mizizi kweli? Wenye chupa za kuuza naomba mpite tu.

Kijana_Shambani
Asali dada. Chovya, panda, sahau.

MzeeWaViriba
Kijana, asali haioteshi mzizi. Inapunguza ukungu kwenye kidonda, basi.

Mama Kitalu, pole na kazi. Kinachoamuru kikonyo kitoe mizizi ni oksini, homoni ya ukuaji, na mmea unaitengeneza wenyewe kwenye ncha na majani machanga, kisha inateremka. Ukikata kijiti, inafika kwenye kidonda na kurundikana hapo, ndipo mizizi inapochomoza. Ule unga wa dukani kwa kawaida ni IBA, oksini vilevile. Hata mahindi yana IBA yake ya asili.

Dafu lina kundi jingine la homoni, saitokinini. Mwaka 1957 watafiti Skoog na Miller walionyesha kwa tishu za tumbaku kwamba oksini ikizidi unapata mizizi, saitokinini ikizidi unapata machipukizi. Majani ya mlonge nayo yana zeatini, ambayo ni saitokinini. Kwa hiyo maji ya mlonge wanyunyizie miche iliyokwisha kushika, vikonyo usivichovye humo. Kikonyo kitakuchipulia vijani viwili vya kuvutia, utawaita na majirani waje kuona, kumbe chini hakuna kitu. Akiba ya kijiti ikiisha, kinanyauka.

Alovera sina ugomvi nayo. Ute unasaidia kidonda kisikauke upesi, na ni bure. Ila nguvu yake haipimiki, jani hili si sawa na lile, kwa hiyo usiitegemee ikufanyie kazi ya unga. Ukiitumia, kamua siku hiyohiyo.

Sasa mimi nakuuliza: vikonyo unavikata wapi? Chukua kwenye machipukizi yaliyosimama wima. Tawi la pembeni linaweza kutoa mizizi vizuri kabisa, lakini mche wake utakua kwa kulala ubavu, na mteja atakurudishia. Acha jozi moja ya majani, kila jani likatwe nusu. Wapo wanaonyoa majani yote eti kupunguza kiu. Hao wamekata jiko na bomba la oksini kwa mkasi mmoja! Halafu funika kwa nailoni, funga kingo, weka kivuli. Asubuhi ukikuta matone ya mvuke kwa ndani, uko sawa. Vikonyo vingi ninavyoitwa kuviangalia vimeuawa na hewa kavu, dawa ilikuwepo.

MamaKitalu_Mbozi
Asante sana mzee. Majani tumekuwa tukinyoa, ndivyo tulivyofundishwa. Na kama unga wenyewe umechoka, nikiongeza kipimo?

MzeeWaViriba
Hapana. Ile 2,4-D mnayopulizia magugu ya majani mapana kwenye mahindi ni oksini ya kiwandani. Kidogo inaotesha, nyingi inaua. Unga chovya ncha ya chini tu, kung'uta uliozidi.

Na usiniamini mimi wala redio. Gawa vikonyo vya mti mmoja mafungu matatu: maji matupu, alovera, unga. Nailoni moja, kivuli kimoja. Andika kwenye viriba (mifuko ya miche) kwa wino usiofutika, maana vibao vya karatasi vinaoza kabla hujafukua. Kahawa haina haraka, ipe kama miezi mitatu, kisha hesabu mizizi, majani yaache.

Kijana_Shambani
Ongeza na fungu la asali, mzee.

MzeeWaViriba
Asali utanunua wewe.