Naomba ushauri: rosti ya nyama ya spageti kwenye chungu cha umeme, isiyojaa mafuta

MamaNkuhungu
Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada, hasa mnaopika wenyewe.

Naishi Nkuhungu hapa Dodoma, kazini ni Mtumba. Natoka saa 12 asubuhi, narudi saa 1 usiku watoto wameshachoka kusubiri. Ndiyo maana nilinunua chungu cha umeme, kile cha kupika taratibu chenye bakuli zito la udongo ndani. Nilitaka nikifika nichemshe spageti tu, rosti ya nyama ya kusaga iwe tayari.

Shida ni afya ya mume wangu. Vipimo vilionyesha lehemu (kolesteroli) imepanda, daktari akamwambia apunguze mafuta ya nyama na chumvi. Sasa rosti yangu ya kwanza nilitia nusu kilo ya nyama mbichi ya kusaga, nyanya sita, vitunguu, mafuta vijiko vitatu, vidonge viwili vya mchuzi na maji vikombe viwili, nikafunika nikaenda kazini. Niliporudi, juu yanaelea mafuta ya rangi ya chungwa, chini nyama imeshikana mabonge, harufu ya kukaangwa hakuna. Mabaki nikayaweka kwenye friji. Asubuhi nikakuta utando mweupe wa mafuta umeganda bakuli zima, mpaka kijiko hakipiti. Nilimfikiria baba watoto, roho ikaniuma.

Nimekosea wapi? Chungu nakipenda, sitaki kukiacha kabatini.

MzeeWaBucha
Dada, kosa limeanzia buchani. Mimi nauza nyama hapa Majengo miaka mingi. Nyama iliyokwisha sagwa ikakaa kwenye sinia, mara nyingi ni vipande vilivyobaki pamoja na mafuta yake. Wewe chagua steki ikiwa nzima, mwambie muuzaji atoe mafuta meupe yote na ule utando, ndipo asage mbele yako. Na konzi ya kwanza kutoka kwenye mashine usiipokee, hiyo ni ya mteja aliyepita, huenda ilikuwa na mafuta. Bei inapanda kidogo, lakini utaona tofauti kabla hujawasha hata jiko.

BibiKikuyu
Mdogo wangu, pole. Hicho chungu hakipunguzi kitu. Kwenye sufuria ya mkaa maji yanaondoka na mvuke, rosti inakauka. Hapa mfuniko unarudisha kila tone, kwa hiyo ulichotia asubuhi ndicho utakachokikuta jioni, na juu yake maji ya nyanya na vitunguu.

Anza na kikaango kikavu, bila mafuta kabisa. Kipate moto sawasawa, tia nyama nusu nusu, usijaze. Usiikoroge haraka. Kwanza utaisikia inachemka kwa maji yake, halafu mlio unabadilika, inaanza kutatarika. Hapo ndipo inashika rangi, igeuze na uivunjevunje kwa mwiko. Inamisha kikaango, mafuta yakusanyike upande mmoja, uyachote kwa kijiko uyatoe. Yatakayobaki yanatosha kukaangia kitunguu na saumu. Mwisho mimina nyanya kidogo ukwangue ule ukoko wa kahawia chini, maana hiyo ndiyo harufu uliyoikosa.

Mimi kwa nusu kilo ya nyama natia karoti mbili kubwa za kukwaruza, hoho moja, nyanya tano, nyanya ya kopo vijiko viwili, na bilinganya moja dogo lililomenywa na kukatwa vipande vidogo kabisa. Bilinganya linayeyuka lote, rosti inakuwa nzito bila mafuta, na wajukuu zangu wanakula. Maji sitii hata kikombe. Moto mdogo kwa muda wa saa 7 mpaka 8, na usifunue kuchungulia, joto likishatoka linachukua muda kurudi. Nusu saa ya mwisho toa mfuniko, weka moto mkubwa, ikauke.

KijanaWaSingida
Dada tumia alizeti ya kwetu Singida, haina lehemu. Tia unavyotaka, shemeji hatapata shida.

NesiKondoa
Kaka, hapo nakupinga kwa heshima. Ni kweli alizeti haina lehemu, wala mafuta yoyote ya mimea hayana, na ni bora kuliko mafuta ya ng'ombe. Lakini kijiko kimoja cha chakula kina kalori karibu 120, sawa na mafuta mengine. Kijiko kimoja kwa sufuria ya familia kinatosha.

Dada, vile vidonge vya mchuzi viache, vimejaa chumvi. Na kama maji ya mtaani kwenu ni ya chumvichumvi kama ya sehemu nyingi za Dodoma, onja kwanza kabla ya kuongeza. Tumia saumu, pilipili manga, majani ya mrehani na ndimu mwishoni.

Unaweza pia kupunguza nyama ikawa robo kilo, nafasi yake ukaweka dengu. Zichemshe pembeni mpaka zilainike ndipo uzitie, kwa sababu ugwadu wa nyanya unazichelewesha kuiva. Ukipenda maharage mekundu, lazima yachemke kwanza kwa nguvu jikoni. Moto mdogo wa chungu hautoshi kuua sumu ya maharage mabichi.

Saa 13 ni nyingi mno. Washa saa 3 usiku, zima saa 11 alfajiri, igawe kwenye vyombo vifupi ipoe upesi, iingie friji kabla hujatoka. Jioni mafuta yote yatakuwa yameganda juu. Yabandue, pasha rosti mpaka ichemke, basi.

FundiUmemeAreaC
Kuhusu luku usiogope. Chungu cha wati 200 kwa saa 8 ni uniti 1.6. Ila umeme ukikatika usiku na hujui ulikatika saa ngapi, na chungu kimepoa, mwaga hata kama nyama inaonekana imeiva. Inauma, lakini mwaga.

Mwanamsafara
Nimewahi kuishi Italia. Bologna kwenyewe rosti hii haina nyanya nyingi wala mchuzi mwingi. Mwaka 1982 chama cha mapishi cha Italia kiliwasilisha kanuni yake kwenye chemba ya biashara ya mji, na ndani kuna karoti, kitunguu, seleri, mvinyo na maziwa. Kwa familia yako kikombe kidogo cha maziwa yaliyoondolewa mafuta kinalainisha nyama vizuri, kitie wakati wa kukaanga. Na spageti ichemshe dakika moja au mbili zaidi ya ilivyoandikwa kwenye pakiti. Dodoma tuko juu, zaidi ya mita 1,100, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi.

MamaNkuhungu
Wapendwa, nimerudi. Nilisagiwa steki Jumamosi, nikakaanga bila mafuta, nikatoa karibu vijiko viwili vya mafuta hata hivyo. Bilinganya nilitia, maji sikutia. Jana jioni nilipofungua friji, juu kulikuwa na viduara vichache tu vya mafuta, nikavitoa kwa ncha ya kijiko. Baba watoto alikula akaongeza.

Bibi Kikuyu, niambie kitu kimoja: hilo bilinganya naweza kuliweka pia kwenye kuku wa kienyeji, au litaharibu supu?

BibiKikuyu
Kwenye supu hapana, mwanangu. Tia karoti na viazi viwili, na ngozi ya kuku uitoe kwanza.